Honi Mbele ya Nyumba Yetu

Siku niliyopigiwa simu kwamba nimepata kazi ya trela, mume wangu alikuwa shambani akifukia karela, ile mboga chungu ya Wahindi. Wanunuzi wa mboga za kupelekwa ng'ambo walikuwa wameahidi kuja Jumatatu, wakasema Jumatano, kisha simu zao zikazimwa, na karela haimngoji mtu. Ikikaa siku tatu inageuka manjano na kupasuka. Nilimkuta ndani ya shimo, jembe mkononi, amevua shati.

"Wamenichukua," nikamwambia.

"Wapi?"

"Mombasa mpaka Kampala."

Aliendelea kutupa udongo juu ya zile mboga kwa muda, kisha akasema, "Basi Mungu ametusikia." Alisema kwa sauti ya mtu anayetamani Mungu angesikia vingine.

Kwa miaka sita nilikuwa nimeendesha basi la shule moja ya kibinafsi hapa Kibwezi. Wanafunzi walipungua, shule ikafungwa, na mimi nikabaki na leseni na mazoea ya kuamka saa kumi alfajiri bila mahali pa kwenda. Niliongeza daraja la leseni ili niruhusiwe kuendesha magari makubwa, nikazunguka na bahasha yangu kwenye yadi za malori za Mombasa hadi soli za viatu zikaisha. Wengine walicheka waziwazi. Mmoja aliniuliza kama mume wangu anajua niko pale. Hatimaye kampuni moja ikanijaribu, ikaona nageuza trela vizuri kuliko vijana wawili niliokuja nao, ikanipa nafasi.

Walinikabidhi kwa dereva mzee wa Mwingi, Mwislamu asiyependa maneno mengi, aliyetafuna njugu kutoka Mariakani mpaka Malaba. Kwa wiki sita alikaa kiti cha abiria, na karibu kila alichosema kilikuwa lawama. Gia umechelewa. Kioo hukuangalia. Unashika usukani kama mtu anayekamua nguo. Lakini tulipokuwa tukishuka kwenda Mtito siku ya kwanza nikiwa na mzigo kamili, aliweka njugu chini, akaniambia jambo ambalo nilikuja kulikumbuka.

"Binti, kitu kikiingia barabarani, mguu wako utataka kukanyaga breki yote. Usiukubalie. Kichwa kitasimama, trela halitasimama. Litakuja kukupita pembeni na kufagia kila kilichoko njiani. Punguza, shika barabara yako, piga honi, na umwombe Mungu."

"Na kama ni mtu?"

"Nimesema kitu chochote."

Nilijifunza. Nilijifunza kulala kwa mafungu ya saa mbili, kuoga kwa chupa ya lita moja na nusu nyuma ya tairi, kunywa maji kidogo ili nisitafute choo mahali ambapo wanaume wanageukia tu kichaka. Nilijifunza kukaa kwenye foleni ya mpakani Malaba siku mbili nikiangalia nambari ya usajili ya gari lililo mbele mpaka nikaijua kama jina la mtoto wangu. Mgongo uliuma, miguu ilivimba, lakini kazi yenyewe, ile ya kuketi juu na kuhisi mzigo wote ukitii mikono yangu, niliipenda. Sitaki kudanganya juu ya hilo. Niliipenda hata siku ambazo singepaswa kuipenda.

Kitu ambacho sikuweza kujifunza ni kupita Kibwezi.

Nyumba yetu ya kupanga ilikuwa karibu na njia panda, hatua chache tu kutoka barabara kuu. Nikitoka Mombasa iko mkono wa kulia, mabati yake yanaonekana nyuma ya kibanda cha jirani yetu aliyeuza matikitimaji na mapapai. Lakini lori lilikuwa na kifaa cha kufuatilia gari, na ofisi ilikuwa imepanga mahali pa kusimama: Mtito, kisha Emali. Katikati hapo, ukisimama dakika tatu simu inalia. "Dereva, kuna shida gani?" Ningewaambia nini? Kwamba shida ni mtoto wa miaka sita anayekunywa uji pale, nyuma ya yale mapapai?

Binti yetu ndiye mtoto pekee tuliyejaliwa. Wiki za kwanza alikataa kula. Baba yake alimpikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe jinsi anavyopenda, akamwekea sahani, naye akaketi akiitazama mpaka ikapoa. Aliniuliza kwa simu, "Mama, wewe unaishi wapi sasa?" Nikamwambia ninaishi nyumbani. Akanihesabia siku ambazo sikulala huko. Alikuwa anajua kuhesabu vizuri.

Ndipo nikaanzisha honi. Nilimwambia, "Nikipita nitapiga mbili fupi na moja ndefu. Ukisikia hivyo, ujue ni mimi." Mara ya kwanza nilipoipiga, alitoka mbio na baba yake nyuma, wakasimama kando ya kibanda cha jirani, naye akaruka akipunga mikono yote miwili. Nilimwona kwa muda mfupi kabisa. Nililia mpaka Makindu, nikicheka. Kuanzia siku hiyo alianza kula.

Ikawa desturi. Nikikaribia Mtito nilimtumia mume wangu ujumbe, naye akamtayarisha. Jirani alinihadithia baadaye kwamba mtoto alikuwa akiwaambia wateja, "Ngoja usikie, mama yangu anakuja kuniita." Hakusema kunisalimia. Alisema kuniita. Neno hilo nililisikia nikaliona zuri, nikalipita.

Mume wangu ndiye wa kwanza kuona ubaya wake. Siku moja nilipokuwa mapumzikoni, tukiwa tumeketi nje tukichambua mbaazi, aliniambia, "Hiyo honi uiache."

"Kwa nini?"

"Huyu mtoto hachezi tena. Anakaa hapo mlangoni akisikiliza malori. Kila moja likipiga honi anashtuka. Mwalimu amesema hata darasani anageuka dirishani."

"Akizoea ataacha."

"Amezoea tayari. Hilo ndilo ninalokwambia."

Nilikasirika. Nilimwambia yeye anamlaza na kumwamsha kila siku, mimi nina sekunde kumi kwa wiki, na hata hizo anataka kuninyang'anya. Alikusanya maganda ya mbaazi, akaenda kuwamwagia kuku. Kanisani pia mambo hayakuwa mepesi kwake. Akina mama walimwombea kwa jina, mbele ya watu wote, kama mtu aliyefiwa. Wanaume wenzake walimuuliza leo amepika nini. Alikuwa akinieleza hayo kwa mzaha, nami nikayachukua kama mzaha kwa sababu ilinifaa.

Ilikuwa Jumamosi, karibu saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Nilikuwa nimebeba chuma kutoka bandarini, tani ishirini na saba. Kwa kuwa ni Jumamosi hakukuwa na shule, na nilikuwa nimetuma ujumbe Mtito kama kawaida. Nilipoona paa la kibanda, nikapiga. Mbili fupi, moja ndefu.

Alikuwa amesimama pale pale kando ya matikitimaji, amevaa gauni la manjano la kanisani. Hakupunga mikono. Alikuwa ameshika kitu kidogo kwa vidole viwili, amekiinua juu ili nikione. Nilitazama kulia kwake na kushoto kwake kumtafuta baba yake, sikumwona. Kisha mtoto akaanza kukimbia. Aliingia barabarani akija kwangu, moja kwa moja, uso umejaa furaha, kama vile ningefungua mlango na kumpakata.

Pikapu ilikuwa inatoka upande wa Nairobi, kasi.

Mguu wangu ulitaka kukanyaga breki yote. Nakumbuka nilivyouzuia. Nilipunguza, nikashika upande wangu, nikaegemea honi kwa mkono mzima. Nilimwona mtoto akisita katikati ya njia ya pikapu kwa sababu ya ile honi. Nilimwona jirani akitupa kisu chake na kuruka. Halafu kichwa cha lori kikawapita, na yote yaliyobaki niliyaona kwenye kioo cha pembeni, madogo, yakienda nyuma: pikapu ikiyumba na kuacha lami, kibanda kikianguka, vumbi, na chini ya vumbi wekundu mwingi.

Ilinichukua karibu mita mia nne kusimama. Nilishuka bila viatu nikakimbia. Sijui nilisema nini njiani, watu wanasema nilikuwa naita. Nilipofika nikaona matikitimaji yamepasuka kila mahali, nyama yake nyekundu imetapakaa barabarani, na katikati yake binti yangu ameketi, hai, gauni limechanika mgongoni kutoka shingoni hadi kiunoni. Jirani alikuwa bado ameshika kipande cha kitambaa. Alikuwa anajipiga mapaja akirudia, "Nimemshika gauni, nimemshika gauni tu." Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Alikuwa halii.

Baba yake alikuja akitoka nyumbani, suruali imelowa maji ya kufulia. Alimwinua mtoto, akamtazama kichwa, akamtazama miguu. Mwenye pikapu, mtu mzima, akasema gari lake linaweza kwenda, watawahi hospitali Makindu. Nilinyoosha mikono kumpokea mtoto. Mume wangu akageuza bega.

"Rudi kwa gari lako," akasema. "Umeliacha katikati ya barabara."

Na kweli nilikuwa nimeliacha. Simu ilikuwa inalia mfukoni. "Dereva, kuna shida gani?"

Nilirudi. Nimejiuliza mara nyingi ni mama gani anayerudi. Lakini magari yalikuwa yameanza kupita upande usio wao, basi moja nusura ligongane na lori la mafuta, na hakukuwa na mtu mwingine pale anayeweza kuliondoa lile lori. Nikapanda, nikawasha, nikaenda. Pikapu ilinipita baada ya muda. Mume wangu alikuwa nyuma, amempakata mtoto, amemfunika na koti. Alitazama upande wa reli.

Makindu nilisimama. Nililiegesha karibu na hekalu la Makalasinga, mahali ambapo madereva wengi hupumzika na kula, nikazima simu, nikapanda bodaboda hadi hospitali. Nilimkuta amelazwa kwenye kitanda kirefu kuliko yeye, daktari akiufunga mkono. Aliponiona alifumbua kiganja cha kushoto. Ndani yake kulikuwa na jino. Jino lake la kwanza kung'oka.

"Nilitaka uone," akasema. Kisha akasema, bila lawama, kama mtu anayeeleza jinsi mambo yalivyokuwa, "Uliniita nikaja."

Nilikaa dakika ishirini. Daktari alisema mfupa umevunjika mahali pawili lakini mtoto ataishi, atapona. Mume wangu alisimama upande wa pili wa kitanda, akiutazama mkono uliofungwa. Nikaenda Kampala.

Safari hiyo ilichukua siku tisa. Mume wangu alijibu ujumbe wangu kwa neno moja moja: Analala. Amekula. Sawa. Siku ya sita akaacha kujibu. Nilipopita Kibwezi nikirudi sikupiga honi. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa, na kamba ya nguo ilikuwa tupu. Nilipomaliza kushusha kontena Mombasa, nilipewa barua ya onyo kwa kusimama mahali pasiporuhusiwa mara mbili, pamoja na siku tano za kupumzika. Nikarudi Kibwezi kwa basi. Jirani alikuwa amejenga kibanda upya, mbali zaidi na barabara. Alinipa ufunguo kabla sijauliza.

"Wameenda kwa susu," akasema, yaani kwa bibi yake mtoto. "Tseikuru. Alisema nikwambie usiwatafute haraka."

Nilimwomba msamaha kwa ajili ya matunda yake. Aliniangalia kama mtu niliyemtukana. "Matunda?" akasema. Akanishika mikono yote miwili, tukasimama hivyo mpaka mteja akaja.

Niliondoka kesho yake. Kutoka Kibwezi kupitia Mutomo, Kitui na Mwingi hadi Tseikuru ni safari ya siku nzima, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilikuwa nimeketi garini mikono yangu haina kazi. Niliiweka mapajani. Nilijaribu kupanga maneno ya kumwambia mume wangu, nayo yote yalianza na "lakini".

Kwa mama mkwe wangu kuna nyumba mbili za matofali na boma la mbuzi lililozungushiwa miiba. Nilimkuta akiwanywesha mbuzi wadogo maji kwenye karai. Sijawahi kuwa mkwe aliyemtaka, na kazi ya lori ilipokuja alisema mbele ya wageni kwamba mwanawe ameolewa. Nilitarajia maneno makali. Aliweka dumu chini, akajifuta mikono.

"Mwiitu wakwa, umekonda," akasema. Binti yangu. Hakuwahi kuniita hivyo. "Ingia ule kwanza. Wako kwa kisima, watarudi."

Nilisema, "Mwaitu, mama yangu, nimekuja kuomba msamaha."

"Kwangu mimi? Mimi sikuwa huko." Akapakua chakula. "Huyo mume wako halali usiku. Kuna kitu anakizungusha mdomoni na hakitemi. Umuulize wewe. Mimi nimeshindwa."

Walirudi na punda aliyebebeshwa madumu. Mtoto alikuwa ameshika kamba kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa plasta iliyokuwa imeshachafuka. Aliponiona hakukimbia. Alitembea, akaja akaniamkia kama wanavyofundishwa kuwaamkia wageni, kisha akaenda kusimama nyuma ya bibi yake.

Mimi na mume wangu tulienda nyuma ya boma. Jioni ilikuwa bado na mwanga. Nilianza na yale maneno yangu ya "lakini", akainua mkono.

"Ngoja. Acha niseme kabla sijaogopa tena." Alikuwa anaongea akitazama miiba. "Ulifikiri alinitoroka. Hata jirani anafikiri alinitoroka. Hakunitoroka. Ujumbe wako ulipoingia nilikuwa nafua. Alikuja akanivuta, baba twende, baba twende. Nikamwambia, nenda peke yako, unajua njia."

Niliuvunja mwiba mmoja wa boma.

"Nilikuwa nimechoka kusimama pale," akasema. "Kila wiki nasimama kando ya barabara na mtoto, watu wanapita wananiona, tunapungia lori. Siku hiyo moja nikasema sitaki. Sitaki kusimama. Kisha nikasikia honi yako, ile ndefu isiyokatika." Akajifunika uso kwa mkono. "Nilipokugeuzia bega pale, si wewe niliyekuwa nakukasirikia."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilitembea hadi mwisho wa boma nikarudi. Kwa siku nyingi nilikuwa nimebeba kosa lote peke yangu, na ajabu ni kwamba aliponipokonya nusu yake nilimchukia. Nilimuuliza, "Mbona ukaniacha niende Kampala na hilo?" Akasema hajui. Nadhani alisema kweli. Tulibaki pale mpaka mama yake akatuita.

Nilikuwa na siku mbili tu pale. Siku ya pili binti yangu aliketi kivulini na daftari, akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Karatasi ilikuwa inateleza kila alipovuta mstari, naye akaibana kwa plasta, ikateleza tena. Niliketi karibu yake bila kuomba. Baada ya muda, bila kunitazama, akasema, "Shika hapa." Nikashika pembe ya karatasi. Aliandika jina lake mara saba, herufi zimelala kila upande. Aliponiambia "sasa achia," nikaachia.

Walikaa Tseikuru muhula mzima. Niliomba ofisi wanipe safari fupi za Mombasa na Nairobi; walikataa, kisha baada ya miezi mitatu dereva mmoja akaacha kazi na wakanipa zake. Mzee wa Mwingi alinitetea ofisini, nilisikia baadaye, ingawa tulipokutana Mariakani alichoniambia ni kwamba tairi langu la nyuma lina upepo kidogo. Januari mume wangu alirudi na mtoto, tukapanga nyumba upande wa mtoni, mbali na barabara kuu. Ameacha karela, analima bamia na mapapai na kuyauza mwenyewe sokoni. Wanaume bado wanamuuliza amepika nini. Siku hizi anawatajia alichopika.

Mkono umepona lakini haunyooki kabisa. Mtoto amerudi kuandika kwa wa kulia. Anapenda shule, anacheza, anakula. Kwa mambo mengi amekuwa mtoto yule wa zamani, isipokuwa kwamba hanisindikizi. Ninapofunga mkoba wangu, yeye hupata kazi ya kufanya mahali pengine ndani ya nyumba, na haniulizi nitarudi lini. Nikirudi hunipokea vizuri, kwa adabu, na huchukua siku nzima kabla ya kunigusa. Mume wangu anasema nimpe muda. Mimi huhesabu siku nilizonazo, kwa kawaida tatu, na moja tayari ni ya kungoja.

Wiki iliyopita alikuja jikoni nilipokuwa nasonga ugali, akasimama mlangoni. Akaniuliza kama Kampala kuna mto. Nikamwambia kuna ziwa karibu, kubwa, huoni ng'ambo. Akauliza kama niliwahi kushuka kuligusa. Nikamwambia hapana, hairuhusiwi kusimama hapo. Akasema, "Pole," akatoka kwenda kuwafungia kuku.